Kikohozi cha Kuzinduka Baada ya Nusukaputi: Maswali na Majibu

Mbona mgonjwa akizinduka thieta anakohoa hivyo?

Kwa sababu ya mpira wa kupumulia. Hupitishwa mdomoni, katikati ya nyuzi za sauti, hadi kwenye njia ya hewa. Wa mtu mzima huwa na upana wa ndani wa milimita 7 au 8 hivi, na karibu na ncha una kibofu kinachojazwa hewa ili mate na matapishi yasiteremke mapafuni. Dawa ya usingizi, yaani nusukaputi, ikiwa bado nzito, koo halina habari. Ikipungua, koo linashtuka kama la mtu aliyepaliwa na maji. Kikohozi hicho ni ulinzi wa mapafu unaorudi kazini, basi haifai kukizima chote.

Sasa hofu ni ya nini?

Ni suala la mahali ulipopasuliwa. Kukohoa kwa nguvu hupandisha ghafla presha ya damu, ya jicho, ya kichwa na ya tumbo. Aliyeshonwa ngiri, mshono unavutwa. Aliyetolewa rovu ndiye wa kuangaliwa zaidi: kimshipa kilichofungwa kikiachia, damu hujikusanya shingoni na kubana njia ya hewa, na hapo kuokoa maisha ni suala la dakika.

Daktari wa nusukaputi hukipunguzaje?

Kwanza hufyonza mate na makohozi mgonjwa akiwa bado usingizini. Anaweza kumpa lignokeini, dawa ya ganzi, kupitia mshipa kabla ya kuutoa mpira, miligramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 60 atapata miligramu 60 hadi 90. Presha ya kile kibofu hupimwa kwa geji na kuwekwa kati ya sentimita 20 na 30 za maji (kipimo cha presha). Ikizidi, damu haifiki vizuri kwenye utando wa koo na mgonjwa huamka koo limechubuka. Kukiminya kwa vidole na kukisia hakutoshi, hata kwa mkono uliozoea.

Mimi nifanye nini kabla?

Sema ukweli wote. Mvutaji sigara, mwenye pumu na mwenye mafua hukohoa zaidi, na Nairobi baridi ya Juni hadi Agosti huja na mafua mengi. Usiyafiche ukiogopa kupoteza nafasi uliyoingoja. Upasuaji usio wa dharura unaweza kusogezwa. Sigara iache angalau wiki 4 kabla. Ukichelewa, hata saa 24 husaidia: kaboni monoksidi, gesi ya sumu ya moshi wa sigara, hupungua damuni.

Na nikisharudi nyumbani?

Koo kuwasha au sauti kukwaruza kwa siku mbili tatu ni kawaida. Kunywa maji kidogo kidogo, na usikae karibu na moshi wa jiko la makaa. Ukiwa na mshono wa tumbo, kabla ya kukohoa kumbatia mto, ukandamize kwenye mshono kwa mikono miwili, kisha kohoa. Rudi hospitali mara moja ukiona shingo inavimba, pumzi inabana, homa inapanda au unakohoa damu. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki moja, mwone daktari akuangalie nyuzi za sauti.