Sangara sio besi: dhana potofu za kuvua kwa fimbo hapa Mwanza na ukweli wake

Wadau wa fimbo na rili (kile kikunjio cha uzi kwenye fimbo) tunaongezeka hapa Mwanza, kuanzia kwenye mawe ya Capri Point mpaka Luchelele, Igombe na Kayenze, na hilo linanifurahisha sana. Ila wengi wanajifunzia kwenye video, na video nyingi ni za Wamarekani wanaovua besi, samaki wa kwao, kwenye mabwawa yao. Sio vibaya kuangalia, maana besi na sangara tabia zao zinakaribiana kweli, wote ni wawindaji wa kuvizia, wote wana mdomo mpana na wote wanapenda kukaa ubavuni mwa jiwe, mti au majani wakisubiri kisamaki kipite. Shida inaanzia kwenye saizi. Rekodi ya dunia ya besi mdomo mkubwa ni pauni 22 na aunsi 4, yaani kilo 10 na kidogo, aliipata George Perry kule Georgia mwaka 1932 na aliyekuja kuifikia ni Manabu Kurita kwenye Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Sasa sangara wa rekodi kwa fimbo, aliyetoka Ziwa Nasser mwaka 2000, alikuwa na kilo 104. Hivyo ukichukua mbinu za besi chukua, ila vifaa vyake ukivileta kwenye mawe yetu vilevile utavunjikiwa fimbo, na mimi naona samaki wengi wanapotea kwa vitu vidogo vilivyopo kati ya ndoano na rili, wala sio kwa kukosa bahati.

"Weka uzi mnene kabisa, hautakatika"

Hii ndo naisikia kuliko zote kwahiyo niikalie kidogo. Nailoni nene inatoka kwenye spuli, ile sehemu ya rili inayobeba uzi, ikiwa imejikunja, hairuki mbali, na kile kisamaki cha plastiki chenye ulimi mdomoni kinashindwa kuzama vizuri kwasababu uzi mnene unakinzana na maji unakirudisha juu. Afu nailoni inavutika, ukiwa umerusha mita 40 samaki akigonga unachovuta wewe ni ule mvutiko wa uzi, ndoano huko hata haijasogea. Uzi wa kusukwa wa pauni 50 ni mwembamba sana ukilinganisha na nailoni ya nguvu hiyohiyo, unaruka mbali na karibu hauvutiki kabisa, ukiguswa tu unasikia mkononi. Kwa sangara wa kwetu hapa ndo naushauri, na rili saizi ya 5000 au 6000 ubebe mita 200 na zaidi. Chini yake anza na nailoni kidogo kwenye spuli, ukiufunga moja kwa moja kwenye chuma unateleza wote unazunguka, ukadhani dragi, yaani breki ya rili, imekufa.

Ila sasa, na hapa ndo wengi wanalia, uzi wa kusukwa hauna urafiki na mawe. Mawe yetu ni granaiti, yana chembechembe kali, uzi ukiwa umekazwa na samaki ukagusa jiwe mara moja tu umekwenda. Kwahiyo mbele lazima kuwe na lida, yaani kipande cha uzi kati ya uzi mkuu na chambo, cha nailoni nene, pauni 80 mpaka 100, urefu mita 1 na nusu hadi 2. Nailoni nene ikikwaruzwa inachubuka kwanza kabla ya kukatika, inakupa muda.

Kuna wengine wanaweka waya wa chuma wakiamini sangara anakata uzi kwa meno. Sangara hana meno ya kukata. Pitisha kidole gumba kwenye taya lake la chini akiwa ametulia, utasikia vijimeno vidogo vingi vimepangana kama msasa, vinasugua. Kinachokata kweli ni kifuniko cha shavu, kina miiba na kingo kali, akigeuza kichwa uzi ukapita hapo umeisha. Lida nene inatosha kwa yote hayo mawili, na waya unaua mchezo wa chambo. Kila ukishatoa samaki au ukinasuka kwenye jiwe pitisha vidole kwenye lida kuanzia kwenye chambo kurudi nyuma, ukisikia mkwaruzo kata hapo ufunge upya. Usiseme nitarusha mara moja tu ya mwisho.

Na fundo, jamani, lilowanishe kwa mate kabla hujalikaza. Nailoni ikikazwa kavu inasuguana inapata moto na inadhoofika hapohapo kwenye fundo, kwa macho huoni kitu.

Hapo hapo wanauliza kuhusu florokaboni, kwamba haionekani majini. Inaonekana, ila inapindisha mwanga kwa kiasi kinachokaribia cha maji kuliko nailoni, kwahiyo inaonekana kidogo zaidi. Kwenye maji maangavu ya bwawa la mlimani hiyo inalipa. Kwetu huku karibu na mji ambako maji ni ya kijani yamejaa mwani, pesa hiyo kanunulie ndoano nzuri.

"Kaza dragi mpaka mwisho, huyu ni sangara"

Hapana. Dragi ni ya kumwachia uzi kabla uzi haujakatika, na kipimo kinachokubalika ni robo mpaka theluthi ya nguvu ya uzi. Uzi wa pauni 50 unabeba kama kilo 22 na nusu, kwahiyo dragi iachie kwenye kilo 6 au 7. Usikadirie kwa mkono. Tafuta ile mizani ya kuning'iniza ambayo wachuuzi wanapimia samaki, funga uzi kwenye ndoano ya mizani, mwenzako aishike, wewe shika fimbo kama unapigana na samaki, arudi nyuma taratibu huku anasoma. Spuli ikianza kulia ikiwa kilo 6 umemaliza, ikifika kilo 12 legeza. Ni kazi ya dakika chache na inaokoa samaki wa maisha yako.

Jambo jingine watu hawaliangalii, samaki akikimbia na uzi mwingi spuli inabaki nyembamba, na spuli ikiwa nyembamba dragi ileile inakuwa nzito zaidi bila wewe kugusa kitu. Sasa mtu anaona uzi unaisha anaogopa anazidi kukaza, pa! Muda huo ndo wa kutulia, kama kuongeza nguvu weka kiganja taratibu kwenye spuli ambacho unaweza kukitoa sekunde hiyohiyo. Na uzi ukiwa unatoka usizungushe rili, kwa hizi rili za kuning'inia chini ya fimbo unausokota uzi tu, kesho yake unakuta fundo la ajabu. Inua fimbo, afu shusha huku unazungusha, inua tena, usiache ulegevu hata kidogo kwasababu sangara kwenye maji mafupi anaruka juu na kutikisa kichwa na hapo ndo chambo kinachomoka.

Samaki akigonga pia kuna makosa. Ule mkwanyuo wa kwenye video, mtu anarudi nyuma na mwili mzima, unafaa kwa ndoano moja nene iliyofichwa ndani ya mnyoo wa plastiki, inabidi itoboe plastiki kwanza. Chambo chenye ndoano za ncha tatu na uzi usiovutika hakitaki hivyo, wewe ukisikia uzito endelea kuzungusha, vuta fimbo pembeni kwa mkazo mmoja, basi. Kinachoingiza ndoano ni makali. Iweke kwenye ukucha uivute kidogo, ikiteleza inole kwa tupa, ikishika iko sawa.

Na hizo ndoano zinazokuja na vyambo vya besi nyingi ni nyembamba mno, sangara wa kilo 15 anazinyoosha zikawa kama hazijawahi kukunjwa. Zibadilishe na pete zake pia, weka nzito.

"Sangara mkubwa yuko kilindini kabisa"

Inasikika ina akili lakini sangara ni samaki anayetaka hewa nyingi kwenye maji. Ziwa letu kina chake hakifiki mbali kwa ukubwa lilionao, wastani ni mita 40 na penye kina kirefu kabisa ni kama 80, na sehemu kubwa ya mwaka, kuanzia kama Septemba au Oktoba mpaka karibu Mei, maji yanajipanga tabaka, ya juu ya moto na ya chini ya baridi, hayachanganyiki, na yale ya chini hewa inapungua mpaka samaki hawezi kukaa. Ukishusha chambo huko unavua mahali hamna mtu. Katikati ya mwaka upepo wa kusini ukishika, Juni mpaka Agosti, ziwa linachanganyika na hapo samaki wanatawanyika mpaka chini. Kwahiyo fikiria kingo kuliko kilindi, pale jiwe linaposhuka kutoka mita 3 kwenda 10, ncha za visiwa, milango ya ghuba, pembeni ya magugumaji yaliyotulia. Hapa ndo zile mbinu za besi zinafanya kazi vizuri kabisa, yaani kurusha chambo kikapita sambamba na ubavu wa jiwe badala ya kukirusha katikati ya ziwa kwasababu tu fimbo inafika.

Na angalia chakula chake. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 60, akawala furu, visamaki vya asili vya ziwa, mpaka miaka ya 1980 wakapungua vibaya sana, na leo anakula furu waliobaki na wanaorudi, dagaa, uduvi, na hata watoto wake mwenyewe. Ukiona ndege wanashuka juu ya dagaa, rusha pembezoni mwa lile kundi, sio katikati.

"Mbalamwezi hamna samaki" nayo imetoka kwa wavuvi wa dagaa, na kwao ni kweli, mwezi ukiwa mkubwa taa zao hazivuti dagaa kwahiyo wengi wanapumzika. Sangara na fimbo ni habari nyingine. Jicho lake limeumbwa kwa mwanga hafifu, ukimmulika usiku linang'aa dhahabu, ndo maana alfajiri na jua linapozama ni saa nzuri, mwezi uwepo usiwepo.

Rangi ya chambo nitaipitia haraka maana watu wanabishana bure. Majini rangi nyekundu inafifia kwanza, na kwenye maji ya kijani samaki anaona zaidi kivuli na anasikia mtikisiko kupitia mstari wa ubavuni. Nunua cha kung'aa kimoja, cheusi au cha giza kimoja, cha kijani njano kimoja, anza. Badilisha kina na mwendo kabla ya kubadilisha rangi. Ukikokota kwa boti kilomita 4 mpaka 6 kwa saa zinatosha, ukirusha ukiwa nchi kavu vuta, simamisha sekunde mbili, vuta tena, mara nyingi anagonga pale kiliposimama.

"Fimbo ndefu na ngumu ndo ya samaki mkubwa"

Soma maandishi juu ya mpini, pale yanaandikwa uzito wa chambo inachorusha na nguvu ya uzi. Ya kwetu iwe ya chambo cha gramu 40 mpaka 100 hivi, urefu futi 7 mpaka 8, ngumu kiunoni ila ncha iwe na ulaini kidogo, maana uzi hauvutiki na lazima kitu kimoja kikubali kupinda. Ngumu kama nondo inachana mdomo wa samaki. Ukinunua ya mtumba, na zipo nzuri tu, chukua kipande cha pamba ukipitishe ndani ya kila pete, pamba ikiacha nyuzi pete ina ufa na huo ufa utakula uzi wako wa kusukwa siku ya kwanza. Na usiinyanyue fimbo ikasimama wima samaki akiwa chini ya miguu yako, hapo mzigo wote unakwenda kwenye ncha, inavunjika bila hata samaki kuwa mkubwa.

"Ukimrudisha majini ataishi tu"

Inategemea sana. Mabondo tunayajua wote hapa Mwanza kwa bei yake, lakini kwa samaki aliye hai bondo ni puto lake la kuelea, na la sangara halina njia ya kutolea hewa haraka mdomoni. Ukimtoa mita 25 kwa kasi linavimba, tumbo linajaa, macho yanatoka, huyo ukimwachia anaelea ubavu. Kama nia yako ni kurudisha basi vua maji mafupi, bana kile kimwiba cha ndoano kwa plaizi ili itoke upesi, lowanisha mikono, mshike mlalo mkono mmoja chini ya tumbo, usimning'inize kwa taya kwa ajili ya picha. Besi wa kilo 2 anavumilia kushikwa taya, sangara wa kilo 20 uzito wake mwenyewe unamuumiza. Mshikilie majini mpaka aondoke kwa nguvu zake.

Walio chini ya sentimita 50 sio hiari, sheria inakataza kuwachukua, na sato ni chini ya sentimita 25. Tembea na rula au weka alama ya plasta kwenye mpini wa fimbo. Leseni ya uvuvi wa burudani pia ipo na inatakiwa, kwahiyo ulizia ofisi ya uvuvi ya wilaya kabla hujaanza.

Mwisho kuhusu miguu, maana kuna wanaoingia majini mpaka magotini ili warushe mbali. Kichocho kipo ziwani, hasa maji yaliyotulia yenye majani na konokono, na mamba wapo sehemu nyingi, waulize watu wa mwalo husika kabla hujasimama popote. Ukiwa juu ya jiwe kavu na uzi mwembamba unafika. Kwenye mtumbwi vaa jaketi la kuokolea, livae mwilini. Na wanaoulizia Rubondo, ni hifadhi ya taifa tangu 1977, uvuvi wa fimbo unaruhusiwa kwa kibali na malipo kwa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, beba lida za kutosha na ndoano za akiba kwasababu kisiwani hamna duka la vifaa.