Upasuaji wa roboti kwa mgonjwa wa saratani ya mji wa mimba aliye hatarini

Kwanza tuondoe picha ya mashine inayopasua yenyewe. Roboti haiamui chochote. Anayepasua ni daktari, kaketi hatua chache kutoka kitandani, macho kwenye kioo, vidole kwenye vishikio. Akisogeza kidole, mkasi mdogo ulioingia tumboni kupitia tundu lisilofika upana wa sentimita moja unasogea. Mkono ukitetemeka, mashine inauchuja mtetemo. Mfumo uliozoeleka zaidi, da Vinci, uliruhusiwa Marekani mwaka 2000, na kwa upasuaji wa kizazi mwaka 2005.

Linalochanganya watu hasa ni neno "hatari", maana lina sura mbili. Kuna saratani ya hatari: seli zake ni kali na huenea mapema. Halafu kuna mgonjwa wa hatari: huenda saratani yake ni ya kawaida, ila mwili wenyewe ndio mgumu kupasuliwa. Mnene sana, ana kisukari, ana presha, umri umekwenda. Bahati mbaya, saratani hii hupenda hao hao. Mafuta ya mwilini hutengeneza estrojeni hata baada ya hedhi kukoma, na homoni hiyo isipopata homoni mwenzake, projesteroni, ya kuituliza, utando wa ndani wa mji wa mimba hukua ovyo.

Mtu kama huyo akifunguliwa tumbo, kisu kinapita kwenye mafuta mengi: kidonda hutunga usaha, ngiri huja baadaye, damu huganda miguuni. Upasuaji wa matundu madogo bila roboti ulipunguza shida hiyo, lakini si kwa wote. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009, karibu mmoja kati ya wanne walioanza kwa matundu aliishia kufunguliwa tumbo. Kwa wanene kupindukia, zaidi ya nusu. Hapo ndipo roboti inapojilipia. Mikono yake hushikilia ukuta mzito wa tumbo bila kuchoka, na ncha za vifaa hupinda kama kifundo cha mkono.

Mji wa mimba, mirija na ovari hutolewa kupitia ukeni. Havikatwi vipande humo ndani, seli zisije zikamwagika.

Haya usiyahamishie kwenye saratani ya shingo ya kizazi. Huko, utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa waliopasuliwa kwa matundu, roboti ikiwemo, ugonjwa uliwarudia na kuwaua zaidi kuliko waliofunguliwa tumbo.

Na roboti ina masharti yake. Tumbo hujazwa gesi, kitanda huinamishwa kichwa kikawa chini ya miguu, na kwa mtu mnene uzito wote wa tumbo huyalemea mapafu. Ndiyo maana kabla ya tundu la kwanza, timu nyingi humwinamisha kwa majaribio. Mtaalamu wa usingizi hutazama kama anapumulishwa bila shida, wengine hutazama kama hatelezi.