Uvae nini kazini? Muulize mdudu, moto na maji

Wasichana wanaokuja kwetu Kisumu kwa mafunzo ya kazini huuliza kuhusu mavazi kabla ya kuuliza kuhusu darubini. Wengi wameshaambiwa nyumbani wavae kama watu wa ofisi. Mimi ni mtaalamu wa wadudu waenezao magonjwa, na kwanza huwauliza: siku hiyo utakuwa karibu na nini?

Kama ni moto au kemikali, vaa pamba. Poliesta na nailoni zikiwaka huyeyuka na kugandia ngozini. Desemba 2008, Sheharbano Sangji, msaidizi wa utafiti wa miaka 23 katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikuwa akivuta kwa sindano kemikali inayojiwasha ikikutana na hewa. Pistoni ya sindano ikachomoka, kemikali ikamwagika na kuwaka. Alikuwa amevaa sweta ya nyuzi bandia, bila koti la maabara. Alifariki Januari 2009. Humkumbuka kila nionapo blauzi ya kuteleza kando ya taa ya gesi.

Mitumba ya pamba imejaa soko la Kibuye, ila lebo nyingi zimekatwa. Ukifika nyumbani chomoa uzi mmoja kwenye pindo, uuwashe kwa kiberiti. Pamba hunuka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta hujikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi. Wigi na rasta nyingi nazo ni plastiki, kwa hiyo zifunge nyuma ziingie ndani ya kola. Hijabu iwe ya pamba, ncha zake ndani ya koti.

Nje ya maabara mambo hubadilika. Mitego ya mbung'o hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi: buluu humwita kutoka mbali, cheusi humfanya atue. Ukienda bonde la Lambwe, kando ya Mbuga ya Ruma, na jinzi ya buluu na fulana nyeusi, umejigeuza mtego. Vaa kaki, iwe nzito, maana mbung'o huuma kupitia kitambaa chembamba.

Ziwani tunakookota konokono wa kichocho, sketi haifai kabisa. Viluwiluwi vya kichocho hutoka kwa konokono jua likiwa kali, na hupenya ngozi katika dakika chache. Hapo unahitaji suruali ya mpira inayofika kifuani. Linaloniudhi ni kwamba mara nyingi zinanunuliwa za saizi ya wanaume: mguu unaelea ndani ya buti, matope yanalivuta, na mwanamke anaanguka majini na sampuli zake.

Vijijini, alfajiri, tunapofyonza mbu kwa mrija kwenye kuta za vyumba vya kulala, mimi huvaa suruali na kubeba leso. Nikiingia bomani naifunga kiunoni, nasalimia wazee, kisha naivua nikianza kupekua chini ya kitanda. Wenzangu wengine huona huko ni kujidunisha. Sikubaliani nao. Mama mwenye nyumba anatufungulia chumba anacholala, na leso ile humwonyesha kwamba ninajua niko kwake.

Basi ukiitwa kuanza kazi, tuma saizi yako ya koti, glavu na buti kabla orodha ya manunuzi haijafungwa. Vikija vikubwa, virudishwe. Mikono ya koti ikikufunika vidole, utaangusha mirija ya damu ya watu.