Je, wajua kwa nini wafalme wa kale wa Uajemi walichorwa wakiwa na vilemba vya karne ya 16?

Shahnama, utenzi wa Kiajemi ambao Ferdowsi aliukamilisha mnamo mwaka 1010, una takriban beti 50,000 na husimulia habari za wafalme na mashujaa tangu Gayumars, mfalme wa kwanza, hadi Waarabu walipoiteka Iran, yaani Uajemi, katika karne ya 7. Nakala yake iliyopambwa kwa fahari kubwa zaidi, yenye picha 258, ilitengenezwa Tabriz kwa ajili ya Shah Tahmasp, mfalme wa Iran katika karne ya 16. Ukizichungulia picha hizo utaona jambo la ajabu: wafalme walioishi kabla ya Uislamu wamevaa kilemba cheupe kilichozungushiwa kofia yenye kijiti chekundu kinachochomoza juu, ambacho ni alama ya wafuasi wa ukoo wa Safavi, uliotwaa utawala mwaka 1501.

Wachoraji walifanya hivyo kwa sababu nakala ya Shahnama, iliyomgharimu mtawala dhahabu, mawe ya rangi na kazi ya mafundi wengi kwa miaka mingi, ilikuwa dai la urithi. Aliyeiagiza alitaka kuonekana kuwa kiti chake ndicho kile kile cha wafalme wa kale, na hata Shah Ismail, babake Tahmasp, aliwapa wanawe majina ya utenzi huo: Tahmasp, Sam na Bahram.

Wamongolia, waliotawala Iran kabla ya Wasafavi, waliwatangulia katika jambo hilo. Wao walikuwa wageni ambao babu zao waliiangamiza miji ya Iran, kwa hiyo waliuhitaji urithi huo kuliko wengine, na katika nakala kubwa iliyochorwa miaka ya 1330 wafalme wa Iran wanaketi kwenye kiti cha enzi wakiwa na mavazi ya Kimongolia.

Rustam, shujaa mkuu wa utenzi huo, ana habari tofauti. Katika nakala nyingi za karne ya 15 na ya 16, atawale nani, yeye hutambulikana kwa vazi lake la ngozi ya mnyama mkali na kofia ya vita yenye kichwa cha chui. Naona sababu yake iko katika utenzi wenyewe: Rustam aliwaokoa wafalme mara nyingi lakini hakukalia kiti chao, hivyo hakuna ukoo wa kifalme uliohitaji kumvisha mavazi ya ukoo huo.