Matangazo ya ndoa kanisani

Mtu akisema "tushatangazwa mara mbili, bado moja," anazungumzia majina ya wachumba kusomwa mbele ya waumini kabla ya harusi, kwa desturi Jumapili tatu mfululizo. Wengi hapa Malindi huyachukulia kama mwaliko. Kumbe ni swali: enyi mnaowafahamu wawili hawa, kuna kizuizi? Mtaguso wa Laterani wa mwaka 1215 ndio uliolifanya jambo hili kuwa sheria ya Kanisa zima la Magharibi, ili kuzuia ndoa za siri.

Tangazo lenyewe ni fupi. Hutaja majina kamili, kila mmoja anatoka wapi, na kama ni mara ya kwanza, ya pili au ya tatu. Bibi arusi akiwa wa Marafa na bwana arusi anasali Mpeketoni, husomwa kote kuwili, na hapo ndipo tarehe nyingi huvurugika: kanisa moja limemaliza, jingine halijapata barua.

Kwa Wakatoliki, kinachosumbua zaidi ni cheti cha ubatizo. Kile cha utotoni, kilichokunjwa mara nne na kuchakaa mikunjoni, hakikubaliwi. Huombwa kipya, kwa kawaida kisichozidi miezi sita. Sababu imo kwenye kitabu cha ubatizo. Ukifunga ndoa popote kanisani, habari hutumwa parokia uliyobatizwa na kuandikwa pambizoni mwa jina lako. Anayetoa cheti kipya hulitazama pambizo hilo kwanza. Likiwa tupu, mambo yanaendelea. Angalia na majina pia: cheti kikisema Yosefu Kazungu na kitambulisho kikawa na Kazungu na jina la baba tu, shughulikia mapema.

Vizuizi vyenyewe si vingi. Umri chini ya miaka 18, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Kulazimishwa. Udugu wa karibu. Ndoa nyingine iliyo hai, na hii ndiyo inayofichwa sana. Mwanamume aliyepeleka mahari Ganze, wazee wakapokea na kunywa mnazi, ana mke wa kimila ambaye sheria ya Kenya inamtambua, cheti kiwepo kisiwepo. Kusema "tulikuwa tunakaa pamoja tu" hakuifuti ndoa hiyo. Hata yale makanisa yanayokataa pombe, ambako soda au pesa hushika nafasi ya mnazi, wachungaji wao huuliza kwa makini mahari ya kwanza ilipelekwa wapi.

Kuhusu udugu, jirani Mwislamu wa Lamu anaweza kumwoa binamu yake kwa halali kabisa. Kwa sheria ya Kanisa, Mkatoliki hawezi bila ruhusa maalumu. Hesabu watu, ukimwacha babu mnayeshirikiana: wewe, mzazi wako, mzazi wake, yeye. Ni wanne, yaani daraja la nne la udugu, na hilo bado limekatazwa. Orodha ya zamani ya Waanglikana ya ndugu wasiooana haimtaji binamu. Mchumba asiyebatizwa, akiwemo Mwislamu, naye huhitaji ruhusa ya askofu kwa upande wa Wakatoliki, na hiyo isiombwe wiki ya mwisho.

Mahari kutokamilika si kizuizi. Kabila si kizuizi, wala shangazi kutompenda mkwe. Hata hivyo makanisa yenye msimamo mkali hudai barua ya wazazi wa pande zote mbili, na wasimamizi waliofunga ndoa kanisani wao wenyewe. Bila hivyo jina halisomwi.

Mwenye pingamizi huliandika, akitaja jina lake, uhusiano wake na wachumba, na sababu. Minong'ono ya kwenye jumuiya haina uzito, wala haistahili kuwa nao. Lakini anayejua kweli na akanyamaza Jumapili tatu, kisha akasimama siku ya harusi pilau ikiwa jikoni, amemtendea bibi arusi ukatili ambao ungeepukika kwa karatasi moja.

Anza kumwona padre au mchungaji miezi mitatu kabla, na uulize kuhusu Kwaresima, maana parokia nyingi hazifungishi harusi wakati huo. Pingamizi likiletwa Jumapili ya tatu, tarehe husogezwa mpaka lisikilizwe. Kadi zichapishwe baada ya hapo.