Timu inadaiwa, mtaa unacheka: yanayosemwa kijiweni kuhusu madeni ya klabu

Pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, kwenye kona ambayo fundi viatu, muuza kahawa na vijana wa bodaboda wanagawana kivuli kimoja, habari ya deni la klabu hufika kabla ya matokeo ya mechi. "Wamefungiwa na FIFA!" mmoja anasoma kwenye simu, na hajamaliza hata sentensi wenzake washaanza kupiga meza. Mimi natunza vitabu vya chama cha wakulima wa kahawa upande wa Mbozi. Deni ndiyo kazi yangu Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi ningependa lipumzike. Halipumziki. Nimesikia mengi pale kijiweni, mengine nimeyasema mwenyewe kwa sauti (Dar mimi ni Simba, nisijifiche, na hapa nyumbani ni wa zambarau wa Mbeya City). Mengi kati ya hayo si kweli.

"Klabu yenye deni kubwa kuliko zote ndiyo iliyo hoi kuliko zote"

Hii ndiyo iliyozaa nyingine zote. Mvua zikikaribia, wakulima wawili wanakuja ofisini kwetu. Mmoja anadaiwa laki nane, alichukua mbolea. Mwenzake anadaiwa laki mbili, alimchangia mdogo wake harusi. Mtaani watakwambia wa laki nane ndiye kaumia. Mimi usiku simuwazi huyo hata kidogo, mbolea iko shambani inafanya kazi. Ninayemuwaza ni wa laki mbili, maana harusi haivunwi.

Sasa chukua Arsenal na Manchester United, ambazo vijana wa hapa wanazigombea kama za kwao. Uwanja wa Emirates ulifunguliwa mwaka 2006 kwa gharama ya karibu pauni milioni 390, na milioni 260 kati ya hizo zilikuwa za mkopo. Kwa miaka kadhaa Arsenal iliuza nyota wake na kubana matumizi, na mashabiki wa Man U wakacheka mpaka mbavu zikauma. Lakini chini ya deni lile kulikuwa na viti elfu sitini, na kila mechi ya nyumbani ilikuwa inalipunguza. Hiyo ni mbolea.

Man U yenyewe, kabla ya mwaka 2005, haikuwa na deni la kutisha. Mwaka huo familia ya Glazer iliinunua kwa takribani pauni milioni 790, sehemu kubwa ikiwa fedha za kukopa, na mzigo mkubwa wa mkopo ukapachikwa kwenye klabu. Ni sawa na mtu anunue ng'ombe wako kwa hela ya benki, halafu ng'ombe ndiye alipe benki kwa maziwa yake mwenyewe. Baadhi ya mashabiki walikasirika kiasi cha kujitoa na kuanzisha timu yao, FC United of Manchester, mwaka huohuo.

Hispania utaziona aina zote mbili, harusi na mbolea. Agosti 2021 rais wa Barcelona, Joan Laporta, alitangaza kwamba klabu inadaiwa euro bilioni 1.35, siku chache tu baada ya Messi kuondoka. Mashabiki wa Real Madrid walifurahi sana, nao klabu yao ilikuwa imeanza kukopa kwa ajili ya kukarabati Bernabéu, mikopo ambayo mwishowe ilipita euro bilioni moja. Mbona hawakujicheka? Kwa sababu uwanja wanauona, na kesho utawaingizia hela. Mishahara ambayo Barcelona ilikuwa imeshailipa haionekani popote.

Kwa hiyo ukisikia tarakimu, tulia kwanza. Uliza deni ni la nini, anayedai ni nani, na linatakiwa lini. Bila hayo matatu, bilioni ni kelele tu.

"FIFA imewafungia, basi wamefilisika"

Hapana. Hapa wengi tunachanganya mtu asiye na hela na mtu asiyelipa. Mchezaji au kocha akishinda kesi yake FIFA, klabu hupewa siku 45 kulipa. Zikipita bila malipo, na mdai akaomba, klabu inazuiwa kusajili, na zuio linaweza kufika madirisha matatu ya usajili. Siku ikilipa, zuio linaondolewa. Ndiyo maana timu hiyohiyo iliyofungiwa Jumatatu unaweza kuiona inatambulisha straika mpya wiki mbili baadaye.

Klabu kadhaa za ligi yetu, kubwa kwa ndogo, zimepitia hapo. Mara nyingi ni mkataba wa mchezaji wa kigeni uliovunjwa kienyeji, kwa kumwambia tu "kesho usije mazoezini". Hiyo ni hasara ya uzembe ofisini, na inazipata hata timu zenye wadhamini wanene.

"Deni la timu ya mkoani ni la vocha, halimuumizi mtu"

Hapa naomba nikae kidogo.

Kuna mama mmoja Ilomba mwenye kibanda cha chakula. Msimu fulani timu moja (sitaitaja, na wala si lazima iwe hiyo unayoiwaza) iliweka kambi jirani naye, ikawa inakula kwake kwa makubaliano ya mdomo. Siku moja aliniletea kaunta buku lake nimsaidie kujumlisha. Mistari imenyooka kuliko ya mahesabu yangu: "Jumatatu, chai 22, chapati 44. Mchana wali nyama 22, ndizi 9. Usiku ugali samaki 22." Kurasa kumi na moja hivyo. Pembeni kwa kalamu nyekundu ameandika: "meneja kasema Ijumaa". Nikafungua ukurasa wa pili, "meneja kasema Ijumaa". Niliihesabu hiyo Ijumaa mara tano. Ya sita hakuiandika.

Nikamuuliza, "Mama, mliandikiana mkataba?" Akaniangalia kama nimemuuliza kama samaki wana miguu. "Baba, mtu anakuja na vijana ishirini na wawili wana njaa, mimi nimwambie subiri niandike mkataba?"

Hilo ndilo deni la timu zetu: mama wa chakula, mwenye basi, mwenye gesti, na posho za vijana wenyewe. Kwa vichwa vya habari vya Ulaya ni hela ya kununulia soksi. Lakini mchezaji asiyelipwa ana pa kwenda, kuanzia TFF hadi FIFA. Mama wa Ilomba ana kaunta buku.

Tena usidhani Ulaya wanyonge wanalindwa. Portsmouth ya Uingereza ilichukua Kombe la FA mwaka 2008. Februari 2010 ikawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi, ya kwanza kufanyiwa hivyo ikiwa Ligi Kuu ya kule, ikakatwa pointi 9, ikashuka daraja ikidaiwa zaidi ya pauni milioni 100. Kwenye orodha ya wanaodai kulikuwa na watoa huduma ya kwanza wa St John Ambulance, hata kikundi cha skauti. Na kwa kanuni za soka la kule, klabu nyingine na wachezaji ndio hulipwa kwanza, tena chote. Skauti wanagawana makombo.

Wapo pia wanaosema, "Si wauze uwanja?" Uwanja upi? Sokoine hapa Mbeya ni wa CCM, Samora kule Iringa ni wa CCM. Timu zetu nyingi zina jezi, mipira na jina. Benki haipokei jina kama dhamana, ndiyo maana deni huishia kwenye vibanda vya chakula.

"Timu ya taasisi haiwezi kudaiwa"

Mbeya City ilianzishwa na halmashauri ya jiji mwaka 2011, na Prisons ni ya Jeshi la Magereza. Kuwa na taasisi nyuma yako kunasaidia, sikatai. Ila bajeti ya taasisi ina vipaumbele vyake, na straika hashindani vizuri na barabara ya mtaa. Mbeya City ilimaliza ya tatu msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2013/14, mwenye taasisi akiwa huyohuyo. Ikashuka 2023, huyohuyo. Ikarudi msimu wa 2025/26.

"Kutembeza bakuli ni dalili ya kufa"

Hapa nakiri kosa langu. Baada ya Yusuf Manji kujiuzulu Yanga mwaka 2017, klabu ile ilipita kwenye ukame wa kweli. Msimu wa 2018/19 kocha Mwinyi Zahera alikuwa mstari wa mbele kuhimiza wanachama wachange, na sisi Simba tukapata jina la kuwaita: timu ya bakuli. Hapo kijiweni fundi viatu, Simba mwenzangu, alitundika bakuli la bati kwenye msumari na kibao cha boksi: "Saidieni yatima". Kila shabiki wa Yanga aliyeleta kiatu alilazimishwa kulipigia saluti. Mzee mmoja wa Tukuyu, Yanga wa damu, alitumbukiza shilingi mia tano kila asubuhi, akanywa kahawa yake, hakusema neno. Tulimcheka sana yule tata (ndiyo baba kwa Kinyakyusa).

Kwa kazi yangu nilipaswa kujua. Mchango haudaiwi, hauna riba, hauna tarehe. Ni kinyume kabisa cha deni, ni mwenye mali kuongeza mtaji. Timu ile ya bakuli ilimaliza ligi ya pili kwa pointi 86, na msimu wa 2021/22 ikachukua ubingwa bila kupoteza mechi hata moja. Bakuli bado lipo. Sasa linawekewa misumari.

"Tajiri akitoa, si deni"

Fupi: tazama vitabu. Roman Abramovich aliimwagia Chelsea fedha kwa karibu miaka ishirini, na alipolazimika kuiuza mwaka 2022 ikaonekana anaidai pauni bilioni 1.5. Alisema hazidai, na klabu ikapona. Angesema anazidai?

"Mpinzani akifa, sisi tunaneemeka"

Februari 2012 Rangers ya Scotland iliwekwa chini ya msimamizi, mamlaka ya kodi ikiwa miongoni mwa wadai wakubwa. Juni mamlaka hiyo ikakataa mpango wa kulipwa sehemu ndogo tu ya deni, kampuni ikaenda kufilisiwa, na mali zake zikauzwa kwa pauni milioni 5.5. Mashabiki wa Celtic walisherehekea kwa wimbo wa jeli na aiskrimu, kama watoto kwenye siku ya kuzaliwa. Wengi huko wanashikilia hadi leo kwamba Rangers ya zamani ilikufa na hii ni nyingine. Wa Rangers wanajibu kwamba kilichofilisika ni kampuni, klabu ni ileile.

Klabu nyingine zikapiga kura isirudishwe ligi kuu, ikaanzia daraja la nne. Lakini mechi yake ya kwanza ya ligi nyumbani, dhidi ya East Stirlingshire, iliingiza watu 49,118. Na Celtic? Ilibeba makombe bila presha, ila mahudhurio yake yalipungua. Misimu minne ya ligi bila mechi ya watani ni pilau bila kachumbari, unashiba lakini unanuna.

Wajerumani walifanya jingine. Borussia Dortmund ilipokuwa inakata roho miaka ya 2000, Bayern Munich iliikopesha euro milioni 2. Siri ilitoka mwaka 2012, mwaka uleule Dortmund ilipoifunga Bayern 5-2 kwenye fainali ya kombe. Watu wa Bayern wakajikuta wamemnunulia jirani jembe la kuwalimia wao wenyewe.

Huku kwetu hesabu ni nyepesi zaidi. Timu ya Mbeya hushika hela ya kiingilio inayoonekana siku Simba au Yanga wanapopanda Kitonga, au wanaposhuka Songwe kwa ndege. Siku nyingine ya kujaza Sokoine ni City na Prisons. City iliposhuka 2023, watani wao wa Prisons walipoteza siku hiyo. Ihefu ya Ubaruku, iliyoikata Yanga mbio za mechi 49 bila kufungwa, Novemba 2022, ilihamia Singida na kubadili jina. Mwenye gesti wa Mbarali hakuhama nayo.

Ile timu ya kambi ya Ilomba nayo ilishuka daraja. Jioni ile wapinzani wao walitengeneza jeneza la migomba, wakalivisha jezi, wakalizungusha mtaani kwa vuvuzela na vilio vya uongo. Walipopita kibandani, mama akatoka mbio, mwiko mkononi. Vijana wakadhani kaja kucheza, wakampisha katikati. Akashika jeneza kwa mkono mmoja, likasimama.

"Ninyi mnaomzika," akauliza, "mnajua meneja wao kahamia wapi?"