Kupunguzwa matiti si lazima kukomeshe kunyonyesha

Imeaminika kwa miaka mingi kwamba mwanamke aliyepunguzwa matiti kwa upasuaji hatanyonyesha tena. Kwa wengi si kweli. Katika mbinu zinazotumika zaidi chuchu haiondolewi. Huachwa imeshikana na nyama yenye mishipa ya damu, neva na mirija ya maziwa, kisha husogezwa juu. Baadhi hunyonyesha kikamilifu, wengine humwongezea mtoto maziwa mengine. Hofu hiyo ina msingi zaidi pale chuchu inapotolewa kabisa na kupandikizwa upya, aghalabu kwenye matiti makubwa mno. Muulize daktari mapema, kabla ya kisu, atatumia mbinu gani. Kupona nako kunataka subira: usinyanyue vitu vizito kwa wiki 4 hadi 6 hivi, makovu huendelea kufifia hata mwaka mzima.